Kuzama kwa Andrea Doria na Hukumu Isiyotolewa

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, na neno lao limewafariji watu wengi waliopatwa na misiba wasiyoweza kuizuia. Lakini methali ni kama dawa: hufaa mahali pake, na hudhuru ikitumiwa ovyo. Tukiitaja methali hii kila chombo kinapozama, tutajinyima haja ya kuuliza kimezama kwa nini. Na baharia asiyeuliza huja akazama palepale alipozama mwenziwe. Insha hii yakusudia kuichunguza ajali moja ya baharini ambayo wengi waliiita kudra, hali kila hatua yake ilikuwa kazi ya macho na mikono ya binadamu. Ajali hiyo ni ya meli ya Italia iliyoitwa Andrea Doria, iliyogongwa usiku wa tarehe 25 Julai 1956 na kuzama asubuhi ya pili yake. Tutaeleza kwanza asili ya meli, kisha tutaufuata usiku ule hatua kwa hatua, na mwisho tutauliza kwa nini hukumu ya jambo lenyewe haikupata kutolewa na mahakama.

Ili mtu aelewe meli hii ilikuwa nini kwa Waitalia, yampasa akumbuke hali yao mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Kabla ya vita, nchi ile ilikuwa na fahari kubwa baharini. Mwaka 1932 makampuni makubwa matatu ya meli yaliunganishwa kuwa kampuni moja iliyoitwa Italia, yenye makao yake Genoa. Na mwaka uleule kampuni hiyo ilipata meli mbili kubwa sana, Rex na Conte di Savoia. Mwezi wa Agosti 1933 Rex, iliyokuwa na ujazo wa tani zaidi ya 51,000, ilizishinda meli zote kwa mwendo katika kuvuka Atlantiki kwenda magharibi. Vita vilipokwisha, hapakusalia hata moja kati ya hizo mbili. Conte di Savoia iliungua karibu na Venice mwaka 1943, na Rex ilishambuliwa na ndege za Uingereza kusini ya Trieste mwaka 1944, ikalala ubavu. Meli nyingine nyingi za biashara zilizamishwa au zilitwaliwa. Kwa mkataba wa amani uliotiwa sahihi Paris mwezi wa Februari 1947, Italia ilikubali kuyaacha makoloni yake ya Afrika. Miji yake mingi na viwanda vyake vilikuwa magofu. Na watu wake kwa maelfu walitafuta njia ya kuhamia Amerika na Australia ili wapate riziki.

Kwa hivyo ujenzi wa meli mpya haukuwa anasa. Ulikuwa kazi kwa mafundi waliokaa bure, ulikuwa njia ya kuwasafirisha wahamaji, na ulikuwa mtego wa kunasa fedha za watalii wa Marekani. Mwaka baada ya mwaka zilitoka meli mpya: Giulio Cesare na Augustus kwa njia ya Amerika ya Kusini, na nyingine kwa njia za mashariki. Hata pwani yetu iliyaona matunda ya juhudi ile, kwa maana tangu mwaka 1952 kampuni ya Lloyd Triestino ilizileta Mombasa na bandari nyingine za upande huu meli zake mbili nyeupe, Africa na Europa. Lakini meli iliyobebeshwa heshima ya taifa kuliko zote ilikuwa ile iliyokusudiwa New York, na ndiyo iliyopewa jina la Andrea Doria, amiri mashuhuri wa Genoa aliyeishi tangu mwaka 1466 hata 1560.

Meli hiyo ilijengwa na kiwanda cha Ansaldo huko Sestri Ponente, kitongoji cha Genoa. Mkuku wake uliwekwa mwezi wa Februari 1950. Iliteremshwa majini tarehe 16 Juni 1951. Na tarehe 14 Januari 1953 iling'oa nanga kwa safari yake ya kwanza. Urefu wake ulikuwa mita 212, upana mita 27, na ujazo wake tani 29,083. Mwendo wake ulikuwa maili 23 za baharini kwa saa. Haikuwa kubwa kuliko meli zote, wala haikuwa ya mbio kuliko zote, na wenyewe hawakudai hayo. Walichotaka ni uzuri. Walimwita Gio Ponti na wasanii wengine waliosifika wapambe vyumba. Salvatore Fiume alichora kuta za ukumbi kwa picha zilizoieleza Italia na sanaa zake. Na katika ukumbi huo ilisimamishwa sanamu ya shaba ya amiri mwenyewe. Palikuwa na mabwawa matatu ya kuogelea, kila daraja ya abiria ikiwa na lake. Watu walisema kwamba ilikuwa nyumba ya hazina za sanaa ielekayo juu ya maji, na kwa nchi iliyokuwa ikitoka katika kushindwa, sifa hiyo haikuwa ndogo.

Usalama wake nao haukupuuzwa. Ilijengwa kwa kufuata mapatano ya mataifa ya mwaka 1948 juu ya usalama wa maisha baharini. Tumbo lake liligawanywa kwa kuta za chuma kuwa vyumba 11 visivyopitisha maji, na ilikadiriwa kwamba hata viwili vilivyopakana vikijaa maji, meli haitazama. Ilikuwa na mashua 16 za kuokolea, nane kila ubavu, ziwezazo kuwachukua watu wote na nafasi zikabaki. Ilikuwa na rada mbili, chombo kilichokuwa bado kigeni kwa manahodha wengi waliojifunza kazi zamani. Wahandisi waliamini kwamba meli hii, hata ikijeruhiwa vibaya, haitainama kupita nyuzi 15. Na kwa imani hiyo mashua za pande zote mbili zilipangwa ziweze kushushwa.

Lakini imani ile ilikuwa na sharti ndani yake. Kila baharia wa pwani yetu ajua maana ya farumi, yale mawe au mchanga ambao jahazi tupu hutiwa ngamani ili isipeperushwe kama kifuu. Meli kubwa hutumia maji ya bahari au mafuta yake yenyewe kuwa farumi. Andrea Doria ilipokuwa ikikaribia mwisho wa safari, matangi yake ya mafuta chini kabisa yalikuwa yakibaki matupu, na meli ikawa nyepesi chini na nzito juu. Makisio ya wahandisi yalitaka matangi yaliyokwisha mafuta yajazwe maji ya bahari. Jambo hilo lilikuwa na gharama, kwa kuwa maji yaliyochanganyika na taka za mafuta hayamwagwi ovyo bandarini, na matangi lazima yasafishwe kabla ya kutiwa mafuta mengine. Hivyo mara nyingi yaliachwa matupu. Na meli ilikwisha kutoa onyo: katika safari yake ya kwanza, ilipokaribia Marekani, dhoruba iliipiga ikainama nyuzi 28. Ilisimama tena, na onyo likasahauliwa.

Nahodha wake tangu siku ya kwanza alikuwa Piero Calamai, mzaliwa wa Genoa wa mwaka 1897, mtu aliyetumika katika vita vyote viwili vikuu na kupewa nishani. Wote waliomjua walimtaja kwa upole, haya na bidii ya kazi. Tarehe 17 Julai 1956 aliondoka Genoa, akapitia Cannes, Naples na Gibraltar, kisha akaielekeza omo ya meli magharibi. Meli ilikuwa na abiria 1,134 na mabaharia 572, jumla yao watu 1,706. Walitazamiwa kufika New York asubuhi ya tarehe 26.

Alasiri ya tarehe 25, karibu saa tisa, ukungu mzito ulitanda. Calamai alipanda darajani asishuke. Aliamuru milango ya kuta za chuma ifungwe, king'ora cha ukungu kipulizwe mfululizo, na rada iangaliwe wakati wote. Mwendo nao aliupunguza, lakini kutoka maili 23 hata karibu 22 tu. Sheria ya bahari ilimtaka aende kwa mwendo wa kiasi ukungu unapotanda, na wengi walieleza maana ya kiasi kuwa ni mwendo ambao meli yaweza kusimama katika nusu ya umbali uonekanao. Hapana nahodha wa meli kubwa ya abiria aliyeishika sheria ile kwa ukamilifu. Ratiba ilikuwa bwana mkali, na rada ilionekana kuwa udhuru mzuri. Desturi ya wengi ikawa imechukua mahali pa sheria, nayo desturi haionekani kuwa kosa mpaka siku ya msiba.

Siku ileile, kabla ya saa sita mchana, meli ya Sweden iitwayo Stockholm ilitoka New York ikielekea nyumbani. Ilikuwa ndogo, tani 12,165, iliyoanza safari mwaka 1948, na omo yake iliimarishwa kwa ajili ya barafu za bahari za kaskazini. Nahodha wake alikuwa Gunnar Nordenson. Lakini usiku, aliyekuwa zamu darajani alikuwa afisa wa tatu, Johan-Ernst Carstens-Johannsen, kijana wa miaka 26, naye alikuwa afisa peke yake. Stockholm ilishika njia fupi kuelekea meli ya taa iliyotiwa nanga kusini ya kisiwa cha Nantucket. Makampuni kadhaa yalikuwa na mapatano ya kutenga njia za kwenda na za kurudi, na kwa mapatano hayo meli ziendazo mashariki zingepita kusini zaidi. Lakini kampuni ya Sweden haikuwa mshirika wake, wala kampuni ya Italia. Basi hapakuwa na kosa la sheria. Palikuwa na meli mbili katika njia moja, kila moja ikiwa na haki ya kuwapo.

Hapa ndipo pana kiini cha habari yote. Yapata saa tano kasoro robo usiku, afisa wa rada wa Andrea Doria aliona alama ya chombo umbali wa maili 17, mbele, upande wa kulia kidogo. Calamai aliamua kwamba watapishana kulia kwa kulia, na baadaye akageuza meli nyuzi nne kushoto ili kuongeza nafasi. Muda kitambo Carstens naye aliiona alama ya Andrea Doria, akaiona iko mbele upande wa kushoto kidogo. Aliamua kwamba watapishana kushoto kwa kushoto, kama kanuni ya kawaida ipendavyo, akangoja kuziona taa. Kwake hapakuwa na ukungu, na hakutambua kwamba meli ile nyingine imo ndani ya ukungu mzito unaozificha taa zake. Kila mmoja alikuwa na rada. Kila mmoja alimwona mwenziwe. Na kila mmoja alifanya lile ambalo, kwa vile alivyoona, lilikuwa jambo la salama. Wahenga walikataza mtu kusafiria nyota ya mwenziwe. Usiku ule kila mmoja alisafiria nyota yake mwenyewe, na nyota hizo mbili hazikupatana.

Je, yawezekanaje wote wawili wawe wameona sawa? Haiwezekani. Mmoja wao, au wote wawili, alikosea. Rada huonyesha mahali chombo kilipo dakika ile, haionyeshi kinakokwenda. Ili kujua kinakokwenda, yampasa baharia atie alama za mahali pake mara kwa mara juu ya karatasi na kuziunganisha kwa mstari. Darajani pa Andrea Doria kazi hiyo haikufanywa. Walitegemea makisio ya macho. Carstens aliifanya, lakini miaka ya baadaye mtaalamu mmoja, John Carrothers, alitoa maoni kwamba kijana yule aliisoma rada yake kana kwamba inaonyesha maili 15, hali ilikuwa imewekwa kuonyesha maili 5. Ikiwa ni kweli, basi chombo alichodhani kiko mbali kilikuwa karibu mara tatu. Wengine waliikubali hoja hiyo na wengine waliikataa.

Taa zilipotokea katika ukungu, pande zote zilibaki na dakika chache tu. Carstens aliona taa upande wa kushoto akageuza usukani kulia. Calamai aliona taa za Stockholm zikimjia kutoka kulia akageuza usukani kushoto kwa nguvu zote, akitumaini kuikimbia kwa mwendo. Kwa kugeuka hivyo alimwelekezea mgeni wake ubavu mzima. Yapata saa tano na dakika kumi usiku, omo ya Stockholm iliyojengwa kwa kuvunjia barafu ilipenya ubavu wa kulia wa Andrea Doria chini ya daraja, ikaingia ndani mita zipatazo kumi, ikapasua vyumba vya watu waliokwisha kulala, kisha ikachomoka. Msichana mmoja wa miaka 14 aliyekuwa amelala katika Andrea Doria aliokotwa hai juu ya omo iliyopondeka ya Stockholm, ambayo ilimzoa kitandani mwake. Waliokuwa karibu naye hawakupata bahati hiyo.

Sasa lile sharti lililosahauliwa lilidai haki yake. Maji yalijaa matangi matupu ya ubavu wa kulia, na matangi ya kushoto yakabaki na hewa tupu. Katika dakika chache meli iliinama nyuzi 18, kisha ikapita 20. Kuta za chuma zilizogawanya tumbo la meli zilikuwa zimeishia sitaha moja. Meli ilipoinama mno, maji yalipanda yakamwagika juu ya kuta hizo kutoka chumba hata chumba, kama maji yamwagikavyo katika sinia iliyoshikwa upande. Mashua nane za kushoto zililala juu ya ubavu wa meli zisiweze kushushwa. Zile nane za kulia zilining'inia mbali na sitaha, ikawa watu hawawezi kuingia kwa njia iliyokusudiwa. Ilibidi kwanza ziteremshwe majini, na watu wateremke kwa kamba na nyavu. Mashua zilizopangwa kuwatosha watu wote na kubakisha nafasi sasa ziliweza kuwachukua kama 1,000 tu. Calamai aliyajua haya, na kwa kuyajua hakupiga king'ora cha kuiacha meli, akihofia kwamba mshtuko ungeua watu wengi kuliko maji. Alituma mwito wa msaada, akaomba mashua za meli nyingine zije upesi.

Mwito ule ulisikiwa. Meli ya mizigo Cape Ann ilikuwa ya kwanza kufika, na baadaye meli za jeshi la Marekani. Lakini tumaini la watu 1,706 lilikuwa katika meli ya Ufaransa, Ile de France, iliyokuwa imetoka New York mchana uleule ikielekea Ulaya. Nahodha wake, Raoul de Beaudéan, alikuwa na abiria wake wa kuwaangalia na ratiba yake ya kuitimiza. Alipopata hakika kwamba mashua hazitoshi, aligeuza meli katika ukungu na kurudi kwa mwendo mkubwa. Yapata saa nane usiku alifika, na wakati huohuo ukungu ukawa unaondoka. Aliamuru taa zote ziwashwe, hata zile zilizoandika jina la meli, ili wenye dhiki waone kwamba hawakuachwa. Meli yake peke yake iliokoa watu 753. Stockholm nayo, ijapokuwa omo yake ilipondeka, ilithibitika kwamba haizami, ikateremsha mashua zake na kuwapokea mamia ya watu wa chombo ilichokipasua. Palitolewa malalamiko kwamba katika mashua za kwanza walikuwamo mabaharia wengi kuliko abiria, na malalamiko hayo hayakukosa ushahidi. Lakini ni kweli pia kwamba mabaharia wengine walikwenda na kurudi usiku kucha mpaka mikono yao ikachubuka, na haifai wema wa hawa ufutwe kwa aibu ya wale.

Watu 46 wa Andrea Doria walikufa, na mabaharia watano wa Stockholm. Jumla yao 51. Wengi wao walikufa katika mgongano wenyewe. Watu 1,660 waliokolewa, na ni mara chache mno katika historia ya bahari watu wengi kiasi hicho kuokolewa kutoka chombo kilichozama. Calamai hakutaka kutoka. Maafisa wake walimwambia kwamba asiposhuka nao watarudi kukaa naye, ndipo akashuka, wa mwisho, alfajiri. Saa nne na dakika tisa asubuhi ya tarehe 26 Julai 1956, saa kumi na moja baada ya kugongwa, meli ilijilaza ubavu ikatoweka katika kina cha mita zaidi ya 70. Harry Trask, mpiga picha wa gazeti la Boston, aliipiga picha kutoka katika ndege ikizama, na mwaka 1957 alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa picha hizo.

Kesi ilifunguliwa New York. Tangu mwezi wa Septemba 1956 maafisa wa pande mbili walihojiwa na mawakili, kwa ajili ya kuandaa hukumu. Karatasi za mashine zilizoandika mwelekeo wa kila meli zilikuwapo, lakini daftari ya safari ya Andrea Doria ilikuwa imezama, kila afisa akidhani mwenziwe ameichukua. Mawakili wa Sweden walikazia mwendo wa Calamai, kugeuka kwake kushoto, na matangi matupu. Mawakili wa Italia walikazia ujana na upweke wa Carstens, na njia iliyoshikwa na meli yake. Kisha mwezi wa Januari 1957, kabla jambo la matangi na farumi halijachunguzwa kikamilifu, makampuni mawili yalipatana nje ya mahakama. Kila moja ilibeba hasara ya meli yake, fungu la fedha likawekwa kwa wenye madai, na kesi ikafungwa. Hapana hakimu aliyesema nani alikosa.

Mapatano ya namna hii ni halali, na kwa wafanya biashara ni hekima, kwa maana huokoa gharama na muda. Lakini fedha hulipa hasara, hailipi ukweli. Hukumu isipotolewa mahakamani haimaanishi kwamba haitolewi popote: hutolewa magazetini, vilabuni na bandarini, na huko hakuna kiapo wala ushahidi. Katika nchi nyingi Calamai alihesabiwa mkosaji, kwa kuwa meli iliyozama ni yake. Hakupewa tena meli ya kuongoza. Husimuliwa kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama abiria wote wameokolewa. Alifariki mwaka 1972. Carstens aliendelea na ubaharia, lakini naye alichukua mzigo wa usiku ule maisha yake yote, akiulizwa swali lilelile ambalo mahakama haikulijibu. Ukimya uliodhaniwa kuwakinga wote wawili haukumkinga hata mmoja.

Ikiwa mwanahistoria ataombwa atoe maoni ambayo hakimu hakuyatoa, nadhani yampasa kusema hivi. Calamai alikosa kwa kwenda mbio katika ukungu, kwa kutoitia rada alama, na kwa kugeuka kushoto alipopaswa kukumbuka kwamba mwenziwe atageuka kulia. Carstens alikosa, kama si kwa kuisoma rada vibaya, basi kwa kuitegemea mno, na kwa kutojiuliza kwa nini haoni taa za chombo kilicho karibu naye. Lakini nyuma ya watu hawa wawili wapo wengi: waliopanga ratiba isiyoacha nafasi ya ukungu, walioweka afisa mmoja kijana mahali pa wawili, waliokataa mapatano ya njia, na waliookoa gharama za kusafisha matangi. Hao hawakuwa darajani, na majina yao hayakuandikwa magazetini.

Bahari yenyewe, hata hivyo, ilipata faida ya msiba. Mkutano wa mataifa wa mwaka 1960 uliongeza katika kanuni za bahari maelekezo juu ya matumizi ya rada, na kanuni za mwaka 1972 zikaagiza kwa maneno ya wazi kwamba baharia asikate shauri kwa habari haba, hasa habari haba za rada. Mtu aisomapo kanuni hiyo leo asidhani kwamba iliandikwa kwa wino tu. Ama meli za abiria za Atlantiki hazikushindwa na ukungu wala mawimbi, bali zilishindwa na ndege. Mwezi wa Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuwavusha abiria Atlantiki kwa saa chache. Italia iliijaza nafasi ya Andrea Doria kwa Leonardo da Vinci mwaka 1960, na mwaka 1965 ikatoa Michelangelo na Raffaello, zote mbili kubwa na nzuri. Lakini hizo zilikuja sokoni wakati wanunuzi wamekwisha kuondoka, na mwaka 1975 safari zake zikakoma. Africa na Europa nazo, zilizojulikana Mombasa, zilikoma katika miaka hiyo ya 1970. Ajabu ni Stockholm: iliuzwa mwaka 1960, ikabadili majina na wenyewe mara nyingi, na iliendelea kubeba abiria hata katika karne ya 21.

Mwaka 1981 mzamiaji Peter Gimbel aliitoa sanduku moja la fedha katika meli iliyolala, na mwaka 1984 likafunguliwa mbele ya televisheni, mamilioni ya watu wakitazamia vito na dhahabu. Zilitoka noti zilizolowa za Marekani na za Italia na hundi za wasafiri. Watu wengi walisikitika kwamba hazina ilikuwa ndogo. Lakini lililozama na Andrea Doria la thamani kuliko yote halikuwa katika sanduku lile. Lilikuwa jibu la swali ambalo watu 51 walikufa kwa sababu yake, na jibu hilo halikupotea baharini: liliwekwa mezani New York mbele ya mawakili, likaanza kufunuliwa, kisha likafunikwa kwa hiari. Ajali yaweza kukosa kinga mara ya kwanza. Ikifichwa sababu yake, ya pili huwa si ajali tena.